Kitambaa cha Jiwe na Tandawala wa Bondeni

Mwenye macho haambiwi tazama. Ndivyo wanavyosema watu, na labda kwa mambo mengine ni kweli. Kwa ndege wa shambani si kweli hata kidogo. Ndege wa shambani huonekana kwa kuambiwa, tena kwa kuambiwa mara nyingi, mpaka siku moja jicho lenyewe linashika adabu na kuanza kuona.

Aliyelijua hilo kuliko wote katika mashamba yale ya ngano alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia inayokata, kupura na kupepeta kwa mpigo mmoja. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Karakanani, dukani, hata kwa mama mkwe wake, aliitwa Mama Ndege. Wageni walipolisikia jina hilo walidhani anafuga kuku. Hakuwa na kuku hata mmoja. Kuku, alisema, ni ndege aliyekata tamaa.

Alianza kazi shambani hapo akiwa msichana wa kuosha masufuria katika jiko la wafanyakazi. Kutoka masufuria akahamishiwa kuosha mashine. Kuosha mashine kukamfundisha kuisogeza ili aufikie upande wa pili, na mtu akishajua kusogeza mashine hatua moja, hatua ya pili humwita mwenyewe. Siku dereva mmoja alipougua katikati ya mavuno, msimamizi wa wakati ule aliuliza nani anaweza kuifikisha kombaini mwisho wa shamba. Msichana akanyoosha mkono uliokuwa bado na povu. Aliifikisha, akaigeuza, akairudisha, na mistari aliyoiacha nyuma ilinyooka kama mshono. Tangu hapo povu aliwaachia wengine. Mume wake, ambaye ni fundi cherehani, hupenda kusema kwamba aliipenda ile mistari kabla hajaiona sura ya aliyeichora.

Kiti cha dereva wa kombaini kiko juu kama roshani. Madereva wengine waliokaa hapo waliona ngano. Mama Ndege aliona ngano na wapangaji wake. Baadhi aliwajua kwa majina: kwale, yangeyange, kipozamataza anayepanda hewani akiimba na kuanguka kama kokoto. Wengine aliwabatiza mwenyewe. Kulikuwa na mmoja mwembamba aliyeweza kusimama hewani mahali pamoja akipapatika na kutazama chini. Huyo alimwita Nimesahau, kwa kuwa alifanana na mtu aliyeingia chumbani asikumbuke alichofuata. Kulikuwa na mwingine mweusi, mwenye mkia mrefu kupita kiasi, anayeruka kwa taabu kukiwa na upepo. Huyo alikuwa Bwana Harusi wa Kuazima, maana ilionekana wazi kwamba suti si yake.

Lakini waliomnyima usingizi walikuwa wale adimu, wanaopita mara moja katika miaka na kukuacha ukijiuliza kama umeona au umeota. Jioni alipoingia nyumbani, kwenye kile chumba cha mbele chenye cherehani, pasi na mirundo ya ovaroli zilizochanika magotini, mumewe alimuuliza bila kuinua mguu kwenye pedali, "Leo umemwona nani?"

Naye angejibu, "Nimesahau wawili, na mmoja simjui."

"Huyo usiyemjua ndiye anayenitia wasiwasi," mume angesema. "Wanaume wenzangu wanawaonea wivu madereva. Mimi namwonea wivu mtu mwenye manyoya."

Mama Ndege alikuwa na majivuno, na hakuyaficha. Alijivunia jicho lake. Alijivunia pia kitu cha pili, ambacho watu walikithamini zaidi ya jicho, nacho ni kitambaa chake.

Shamba la ngano halionyeshi mawe. Ngano ikirefuka hulifunika jiwe kama blanketi linavyomfunika mtoto mtoro, na kombaini ikilimeza jiwe hilo, meno yake hung'oka yote. Kwa hiyo madereva wa pale walikuwa na sheria yao, ambayo hakuna bosi aliyewatungia: anayegundua jiwe au shimo husimika ufito na kufunga kitambaa chekundu juu yake, na kila dereva anayekiona hupinda, hata kama hajui kuna nini. Haulizi, hashuki kuhakikisha. Anapinda. Vitambaa vyenyewe vilitoka kwa fundi cherehani, kwenye mabaki yake, na vilivyofungwa na Mama Ndege viliaminiwa kuliko vyote. "Huyu hatundiki kitambaa kwa kokoto," walisema.

Dereva mkongwe kuliko wote, Mzee Chuma, alikuwa na sababu yake ya kuiheshimu sheria hiyo. Zamani kibarua mmoja alifungua kitambaa akafungia mzigo wake wa kuni. Kesho yake Chuma akapita pale kwa mwendo wa kujiamini. Mashine ilipiga kelele ambayo anasema bado anaisikia kila mvua inyeshapo juu ya bati, na lawama zote zikamwangukia yeye. Tangu hapo alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalihusu vitambaa.

Basi, msimu huo ngano ilikuwa imekaribia kuiva. Mama Ndege alikwenda kwa miguu katika shamba la bondeni kupima punje, kama ilivyo desturi ya madereva: unachuma suke, unalisugua viganjani, unapuliza makapi, unatafuna punje kusikia kama inavunjika au inanata. Alikuwa anatafuna alipoona kitu kikiondoka mbele yake.

Hakikuruka. Kilitembea, kichwa chini, polepole, kama mgeni anayetoka kikaoni bila kutaka kuaga. Mgongo wake ulikuwa na michirizi ya rangi ya majani makavu. Shingo ilikuwa ndefu, ya kijivu, na kwenye kisogo palikuwa na rangi ya kutu, kutu kabisa, kama ya bawaba ya mlango wa nje. Ndege huyo alipofika mbali kidogo alisimama, akainua kichwa, akamtazama yule binadamu kwa jicho moja.

Mama Ndege alisahau kutafuna.

Ndege wa namna hiyo alikuwa amemwona mara moja tu, wakati wa masufuria. Alipita juu ya jiko, mkubwa, mabawa mapana yenye weupe, na mpishi akamwambia, "Huyo ni tandawala. Wanakwisha hao." Na kweli walikwisha. Mashamba yalipanuka, vichaka vikalimwa, na kwa miaka mingi neno tandawala lilibaki midomoni mwa wazee tu, kama jina la duka lililokwisha kufungwa.

Alipoangalia miguuni pake, aliona kwa nini ndege yule hakutaka kwenda mbali. Juu ya udongo mtupu, bila kiota chochote cha maana, palikuwa na mayai mawili ya rangi ya kijani iliyofifia, yenye madoa kama chai iliyomwagikia kitambaa. Akarudi kinyumenyume, akikanyaga alipokwisha kukanyaga.

Sasa, mtu mwenye busara angekwenda moja kwa moja kwa msimamizi. Msimamizi mwenyewe hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa mdogo wake mumewe, shemeji kwa maana yote ya neno hilo pamoja na utani wake. Lakini mwaka uliopita Mama Ndege alimwomba aache kona moja kwa ajili ya kiota cha kwale, na shemeji akamjibu mbele ya karakana nzima, "Shemeji, tukimpa kila ndege chumba chake, ngano tutapanda darini?" Watu walicheka wiki nzima. Kila alipopita, mtu alimuuliza kama kodi ya kwale imelipwa.

Hakutaka kuchekwa tena, si kwa tandawala. Tena aliwajua vibarua wa kupakia: wakisikia kuna ndege mkubwa kiasi hicho, kuna atakayemwona kama pambo la shamba na kuna atakayemwona kama kitoweo. Akasimama pembeni mwa ngano, akatia mkono mfukoni mwa ovaroli. Kitambaa kilikuwamo. Akatafuta ufito, akausimika hatua chache kutoka kwenye mayai, akafunga.

Alipoondoka hakugeuka nyuma. Siku ile mumewe alipomuuliza amemwona nani, alisema, "Hakuna mtu." Cherehani ikasita kidogo, kisha ikaendelea.

Wiki ya mavuno ilipowadia, madereva walikusanyika asubuhi karakanani, wakisimama na vikombe vyao vya chai kati ya matairi na madebe ya grisi. Msimamizi alipanda juu ya boksi la spana ili aonekane, maana Mungu alimjalia sauti akamnyima urefu.

"Mwaka huu hatuzunguki mawe," alisema. "Tunayang'oa. Nimepata trekta la kuchimba kwa leo tu, na vijana wana mitaimbo. Tunaanza na shamba la bondeni, jiwe la Mama Ndege. Lake ndilo litakuwa kubwa, twendeni tukalimalize tukiwa na nguvu."

Vijana wakaanza kunyanyua mitaimbo.

"Shemeji," alisema Mama Ndege, "usiwapeleke."

"Kwa nini? Jiwe limetushinda kabla ya salamu?"

"Hakuna jiwe."

Mtu mmoja aliyekuwa anajaza upepo kwenye tairi akaacha. Mzee Chuma akaweka kikombe chake juu ya betri, taratibu.

"Rudia, Mama," alisema.

"Hakuna jiwe, Mzee Chuma. Kuna ndege, tandawala. Analalia mayai. Nilifunga kitambaa ili msimpitie."

"Ulifunga kitambaa cha jiwe pasipo na jiwe."

"Ndiyo."

"Ili mimi nipinde."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi kesho nikikiona kitambaa mbele yangu, nijiulize kama ni jiwe au ni kifaranga."

Maneno yenyewe yalikuwa ya kuchekesha, lakini hakuna aliyecheka, na hapo Mama Ndege akatambua kwamba kicheko cha mwaka jana kilikuwa kitu chepesi sana. Alitamani mtu amuulize kuhusu kodi ya kwale.

Dereva mmoja kijana akajaribu kupoza. "Lakini si tandawala wamekwisha?"

"Wamekwisha," alisema Chuma. "Nilikuwapo walipokwisha. Aliyetudanganya kuhusu jiwe, nani atamzuia kutudanganya kuhusu ndege?"

Wote wakamtazama msimamizi. Yeye akashuka kwenye boksi. "Mimi nasimamia ngano," alisema. "Vitambaa ni vyenu madereva. Amueni wenyewe, ila trekta ni la leo tu."

"Anionyeshe," alisema Chuma. "Ndege akiwepo, tutazungumza. Asipokuwepo, vitambaa vyake vyote viondolewe, na asifunge tena maisha yake. Kila atakachosema kuhusu shamba tutakipima upya."

Mama Ndege akamwaga chai iliyobaki kikombeni. Hiyo ndiyo iliyokuwa mizani sasa: mayai mawili upande mmoja na neno lake lote upande wa pili.

"Twende," alisema. "Lakini si kwa miguu. Mashine haimtishi, kaizoea. Miguu ndiyo inayomtisha."

Walikwenda na kombaini yake. Chumba cha dereva kina kiti kimoja. Akamwachia Chuma kiti, naye akasimama kando yake akishika nguzo, huku msimamizi akining'inia kwenye ngazi ya nje kama kondakta. Walipofika ukingoni mwa shamba la bondeni, Chuma alinyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Usizime," Mama Ndege akamwambia. "Akisikia kimya ndipo atakaposhtuka."

Mbele yao ngano ilikuwa ya rangi moja mpaka mwisho wa macho, isipokuwa kile kitambaa chekundu kilichokuwa kinapunga upepo bila aibu.

"Naona ngano," alisema Chuma.

"Tazama, Mzee."

"Natazama. Naona ngano, na nyuma ya ngano naona ngano."

"Vipi huko?" msimamizi akauliza kutoka kwenye ngazi.

"Mavuno yanapendeza," Chuma akamjibu.

Ukweli ni kwamba Mama Ndege mwenyewe hakuwa anamwona. Alikuwa amepapata mahali penyewe, kushoto kwa ufito, karibu na mgongo mdogo wa udongo, na pale palikuwa na ngano tu. Labda mbweha alipita usiku. Labda vifaranga walitoka na mama yao akawaongoza mbali. Labda, na wazo hili lilikuwa baya kuliko yote, aliona kitu kingine siku ile, na jicho lake la kujivunia lilikuwa limemchezea.

Lakini mikono yake ilijua la kufanya, kama inavyojua usukani. Akainama karibu na sikio la Chuma, akaanza kumfundisha kwa sauti ya chini.

"Usimtafute ndege, Mzee. Ukimtafuta ndege humwoni. Tafuta mahali ambapo ngano haichezi na upepo, kwa sababu kuna kitu kimeishika kwa chini. Umepaona? Basi. Sasa tafuta kilichosimama wima. Ngano ikiiva inainama, suke linatazama chini. Shingo yake haiinami."

Chuma akakaza macho. Alikuwa mtu aliyetumia maisha yake yote kutazama mbele ya meno ya mashine, na uso wake ulikunjamana kwa juhudi kama wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Upepo ulipita. Ngano ikalala, ikainuka.

"Mama," alisema ghafla, kwa hasira, "nani ameacha kipande cha chuma shambani?"

"Chuma gani?"

"Pale. Kimeota kutu. Kitatung'oa meno kile, nani mpumbavu aliyea…"

Akakatiza. Kile kipande cha chuma kilikuwa kimegeuza kichwa.

Mama Ndege alifuata kidole chake, na ndipo naye akamwona: kisogo cha kutu, shingo ya kijivu iliyosimama wima katikati ya masuke yaliyoinama, na jicho. Alikuwa amelala juu ya mayai yake, akiitazama mashine kubwa kama mtu anavyomtazama jirani mwenye kelele ambaye ameshamzoea. Chuma alikuwa amemwona kabla yake.

Msimamizi alipanda ngazi mpaka kichwa chake kikaingia mlangoni. "Wapi? Mbona sioni?"

"Nyamaza, kijana," alisema Chuma. "Tafuta mahali ambapo ngano haichezi."

Ikambidi Mama Ndege ageuze uso dirishani, maana tabasamu lilikuwa limemzidi nguvu.

Chuma aliendelea kutazama. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mara ya mwisho nilimwona huyu nikiwa sijaoa. Nilidhani tuliwamaliza sisi, kwa mashine hizi." Akapangusa kioo kwa kiwiko, ingawa kilikuwa safi. Kisha akakumbuka yeye ni nani. "Kosa lako liko palepale, Mama."

"Najua, Mzee."

"Msimu huu hufungi kitambaa. Ukiona jiwe, niite, nitafunga mimi. Na shamba hili sikuachii. Nitalivuna mwenyewe."

Kwa dereva aliyevuna shamba la bondeni tangu alipotoka kwenye masufuria, hiyo ilikuwa adhabu ya kweli, na ilimwingia. Lakini alipofikiri vizuri aliona kwamba Chuma hakusema shamba litavunwa. Alisema atalivuna mwenyewe, yule ambaye katika maisha yake hajawahi kugusa kitu alichoambiwa akikwepe.

"Na huyu?" akauliza, akionyesha kwa kidevu.

Chuma akamtazama msimamizi. Msimamizi, ambaye hatimaye alikuwa ameiona ile shingo na mdomo ulikuwa umeachama, akasema, "Mwachieni nafasi ya kutosha kombaini kugeuka. Bosi akiuliza, nitamjibu mimi." Kisha, kwa kuwa shemeji ni shemeji, akaongeza, "Lakini kodi ni juu yako."

Jioni fundi cherehani aliuliza swali lake la kila siku.

"Tandawala," mkewe akamjibu, akakaa juu ya rundo la ovaroli, akamweleza yote, kuanzia punje aliyosahau kuitafuna mpaka kipande cha chuma kilichogeuza kichwa. Mume aliondoa mguu kwenye pedali.

"Kwa hiyo siku ile uliponiambia hakuna mtu, mtu alikuwepo."

"Niliogopa utacheka."

"Ningecheka. Kisha ningekwambia kwamba kitambaa nilikupa cha mawe." Akakata uzi kwa meno, akakunja nguo aliyokuwa akishona, akaikunjua tena. Ilionekana wazi kwamba imemuuma. "Miaka yote hii naambiwa kila kunguru anayepita. Anakuja sultani mwenyewe, ndipo nafichwa."

"Nisamehe, baba watoto."

"Alikuwaje kwenye kisogo? Rangi yake hasa?"

Akamwonyesha, kwenye rundo la mabaki, kipande kinachofanana. Mume akakishika karibu na taa, akakitazama sana, akakiweka kando: kilikaribia mno wekundu wa mawe. Asubuhi iliyofuata, kabla hajafungua mlango wa wateja, alikwenda mwenyewe karakanani akiwa na vitambaa vya njano vilivyopindwa kingo vizuri, akampa Mzee Chuma. "Hivi ni vya wenye mabawa," alisema. "Vyekundu vibaki vya mawe. Mke wangu asipate tena kisingizio." Chuma alivipokea, akavijaribu kwa kuvivuta kuona kama vitachanika, akavitia mfukoni.

Siku ya kuvuna shamba la bondeni, Mama Ndege alikuwa kwenye shamba la jirani, juu ya mashine yake, na ni kweli kwamba mistari yake siku hiyo haikunyooka kama kawaida. Jicho moja lilikuwa bondeni. Kwa kawaida shamba huvunwa kuanzia kingoni kwenda ndani, mpaka inabaki kamba nyembamba ya ngano katikati ambamo kila kiumbe kimejibanza, na vibarua huisubiri kamba hiyo kwa fimbo. Chuma hakufanya hivyo. Alipita njia moja mpaka ndani, akaanza kuzunguka karibu na kitambaa cha njano, kisha akatanuka kwenda nje, mzunguko juu ya mzunguko, akivisukuma viumbe vyote kuelekea kwenye nyasi za kando. Kwale walitoka wakikimbia mmoja mmoja kama watu waliochelewa kazini. Vibarua walisimama na fimbo zao, wakinung'unika kwamba mzee amewanyima kitoweo.

Katikati pakabaki kisiwa cha ngano. Chuma alikizunguka kwa mwendo wa mtu anayebeba bakuli lililojaa maziwa. Hakukata hata suke moja la kisiwa, na kwenye kona, pale ambapo dereva yeyote humeza kidogo kwa sababu mashine ni ndefu, alisimama, akarudi nyuma, akajipanga upya. Mama Ndege aliliona hilo kutoka mbali, na kifua kikamjaa. Alikuwa amejivunia mambo mengi maishani, lakini kujivunia kona iliyokatwa na mtu mwingine, katika shamba alilonyang'anywa, hilo lilikuwa jambo jipya kwake. Katikati ya kisiwa, ngano haikuwa inacheza.

Vifaranga walitoka na kwenda na mama yao kabla shamba halijalimwa. Aliyewaona ni Chuma, akaja mpaka nyumbani kwa fundi cherehani kutoa taarifa, akasimulia akiwa amesimama, akakataa kiti, akakubali chai.

Kabla msimu haujaisha walikuja vibarua wapya wa kupakia, wasiojua mambo ya pale. Mchana walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha tangi la maji, na Mzee Chuma, mtu wa maneno machache, alikuwa amesimama mbele yao mikono ikipunga.

"Shingo yake hii hapa," alikuwa akisema, akipima kuanzia kiunoni mwake. "Ukubwa wake kama mbuzi. Akikunjua bawa moja tu, kivuli chake kinafunika trela."

Mama Ndege alikuwa anajaza chupa yake kwenye bomba. Alitaka kupita kimya. Vibarua walikuwa wanatazamana, nusu wakiamini, nusu wakijizuia kucheka, na mmoja akauliza kama mbuzi huyo pia hutoa maziwa.

Chuma akageuka. "Basi msiniamini mimi. Muulizeni huyu hapa. Mama, waambie. Ukubwa wake ni kama nini?"

Wote wakamgeukia. Hata madereva waliokuwa wanapaka grisi upande wa pili wa tangi waliacha kuongea. Mama Ndege akafunga kifuniko cha chupa taratibu. Angeweza kumpa mzee mbuzi wake. Baada ya ile kona, alistahili hata ng'ombe.

"Ni kama bata mzinga jike," alisema. "Ila ana shingo na miguu mirefu zaidi."

Yule kibarua wa maziwa akamtazama Mzee Chuma kuona kama atabisha.

"Mmesikia," alisema Chuma, akashusha mikono. "Akisema bata mzinga, ni bata mzinga."